Sauti ya Mbae, Mikono ya Rwamba

Wenye pikipiki kubwa mjini Embu walimjua Rwamba kwa jambo moja: hakubadilisha kifaa kabla ya kupima waya wake. Ungemfikia na pikipiki inayozimika njiani, umeshaambiwa na mafundi watatu kwamba kompyuta ya injini imekufa, naye angeivua tangi, akae juu ya mtungi wa plastiki, atoe multimita yake ya kupimia umeme na kuanza kuufuata waya kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayemtafuta mbuzi aliyekata kamba. Ukimuuliza anafanya nini, alikueleza. Aliokota msumari akachora chini vumbini, betri hapa, swichi pale, umeme unaenda hivi na kurudi hivi, na hakuchoka hata ukiuliza mara tatu.

Mwanamke huyu alizaliwa upande wa Siakago, kwenye ukame, kwa baba aliyetengeneza redio siku za soko. Shule aliacha kidato cha pili. Alikuja Embu akiwa na miaka ishirini, akauza vipuri kwenye duka la mtu, na jioni akawa anazifungua stata za kuwashia injini zilizoungua ambazo wateja walikuwa wametupa. Hivyo ndivyo alivyojifunza. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa na binti mmoja, Wanjira, na gereji ya mabati nyuma ya kisiagi cha mahindi, ambayo kwa miaka tisa alishirikiana na mwanamume wa Ruiri, upande wa Meru, aliyeitwa Mbae.

Walikuwa wamegawana kazi bila kuandikiana. Injini ni za Mbae, waya ni za Rwamba. Mbae alikuwa na mdomo. Mteja angeingia amefura kwa hasira na kutoka akicheka, kisha angerudi na rafiki yake. Rwamba alimpenda kwa hilo kama mtu anavyompenda kaka, kwa kuwa yeye mwenyewe alijua kueleza waya lakini hakujua kujisifu. Na kulikuwa na jambo zaidi. Mwaka ambao Wanjira alishikwa na tumbo darasani, likawa ni la kupasuliwa, Mbae ndiye aliyemchukua shuleni, akamfikisha hospitalini, akakaa kwenye benchi pale nje mpaka daktari akatoka kusema mtoto amepona. Tangu siku hiyo Rwamba hakuwahi kumficha Mbae chochote, si cha kazi wala cha nyumbani.

Pikipiki iliyowatenganisha ilikuwa ya Daktari Kaberia.

Kaberia alikuwa daktari wa mifugo kule Ruiri. Alikuwa amenunua pikipiki kubwa ya injekta iliyotumika, na mwenye nayo wa kwanza alikuwa ameifunga sensa ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli, pamoja na kisanduku chake kidogo na geji yake pale mbele. Sensa hiyo hukaa kwenye bomba la ekzosi. Kazi yake ni kunusa moshi na kuiambia kompyuta ya injini kama petroli imezidi au imepungua, na kompyuta nayo huongeza au kupunguza.

"Tambarare inaenda vizuri," Kaberia alisema alipofika Embu. "Nikianza kupanda mlima inakohoa. Inatoa moshi mweusi na inakunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka jangwani. Meru wamebadilisha sensa mara mbili. Ni yale yale."

"Sensa mpya zote mbili?"

"Mpya kabisa, kwenye boksi."

Rwamba aliitazama pikipiki kitambo bila kuigusa. "Basi hebu tuiache sensa," akasema. "Labda pua haina shida. Labda maneno yake yanapindishwa njiani."

Siku mbili za kwanza hakupata kitu. Ikiwa imesimama gerejini, kila waya ulipima sawasawa. Aliamua kuijaribu bila sensa kabisa, aone kama kikohozi kitaisha. Lakini kabla ya kuuchomoa waya, aliifungua sensa yenyewe kutoka kwenye ekzosi, akaifunga kwenye kitambaa safi, na lile tundu akaliziba kwa bolti. Mbae alikuwa amesimama karibu na simu mkononi, akichukua video.

"Hiyo ya nini?" Rwamba aliuliza.

"Ili tusisahau. Kazi kama hii itarudi tena."

"Basi shika vizuri na hapa. Sensa hii ina hita yake ndani. Ukiiacha kwenye moshi wa moto bila umeme, masizi yanaiua. Lazima itoke kwanza."

"Nimeshika," Mbae akasema.

Bila sensa pikipiki ilipanda bila kukohoa. Kwa hiyo shida ilikuwa kwenye habari inayotoka kwa sensa, tena ilikuwa ikitokea barabarani tu. Siku ya tatu Rwamba aliirudisha sensa mahali pake, akaifunga multimita juu ya tangi kwa mpira wa tairi ya ndani, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye ethi ya sensa, ule waya unaorudisha umeme nyumbani. Ncha hizo mbili zikiwa kitu kimoja, kama inavyotakiwa, multimita husoma sufuri. Akapanda nyuma ya daktari, wakashika barabara ya Chuka mpaka wakateremka bonde la Thuci. Kuteremka, sufuri. Darajani, sufuri. Walipoanza kupanda upande wa pili injini ilipata moto, feni ya kupoza maji ikawaka, na namba ikaruka hadi sufuri nukta saba. Pikipiki ikakohoa papo hapo.

Rwamba alimpiga daktari begani asimame. Alishuka akakaa kwenye nyasi za kando ya barabara, akicheka peke yake.

"Ni feni," alimwambia. "Feni na sensa wanarudi nyumbani kwa mlango mmoja, na mlango ni mwembamba. Feni ikiwaka inaujaza. Sensa inasema kweli, lakini kompyuta inasikia namba kubwa kuliko ile iliyosemwa. Inadhani hewa imezidi. Inaongeza petroli."

Gerejini walivua tangi. Chini yake, kwenye fremu, kulikuwa na bolti moja iliyobana waya tatu: wa taa ya mbele, wa feni na wa sensa, na chini ya bolti rangi ya fremu haikuwa imekwanguliwa, hivyo umeme ulipita kwa shida. Rwamba aliukata waya wa sensa, akauunganisha na ethi ya kompyuta ya injini ili wote wawili wapimie mahali pamoja. Mbae alichukua hiyo pia. Wakapanda tena Thuci, feni ikawaka, na pikipiki ikapanda kimya. Daktari Kaberia alirudi Ruiri akisimulia kila mahali aliposimama.

Hayo yalikuwa ya Aprili. Januari iliyofuata Mbae alimwambia Rwamba kwamba anarudi kwao. Baba yake amezeeka, akasema, na shamba la maharagwe halina mtu. Rwamba hakumzuia. Siku ya kuondoka kwake alipika mukimo wa viazi na mahindi, na kuku, wakala yeye, Mbae na Wanjira gerejini, juu ya benchi la kazi lililotandikwa gazeti. Mbae aliinamisha kichwa akamwambia Wanjira amtunze mama yake. Rwamba alijifuta macho kwa mkono wenye grisi, na Mbae akamcheka kwa doa lililobaki shavuni.

Miezi mitatu baadaye akaja mtu kutoka Siakago, karani wa ofisi za serikali aitwaye Antony, akiwa ameibeba pikipiki yake juu ya pikapu. Nayo ilikuwa na sensa ya aina ile ile. Rwamba aliifungua sensa, akaigeuza kwenye mwanga. Ncha yake ilikuwa nyeusi tititi, masizi yameganda kama ugali ulioungua.

"Hii imekufa," akasema. "Uliendesha ikiwa imechomolewa waya?"

"Ndiyo. Kutoka Siakago hadi Ishiara na kurudi. Nilifuata maagizo."

"Maagizo ya nani?"

"Ya yule mwalimu wa Meru. Mwalimu Mbae." Antony alitoa simu. "Hujaona? Kila mtu kwenye chama chetu cha mapikipiki anayo."

Rwamba aliishika simu ile kwa vidole viwili, kwa sababu ya grisi. Video ilianza. Aliona tangi jekundu la Daktari Kaberia, aliona ukuta wa mabati wa gereji yake, na aliona mikono yake mwenyewe. Kidole gumba cha kushoto chenye kucha iliyopasuka tangu alipobanwa na cheni. Bangili ya shanga ambayo Wanjira alimsukia. Mikono ile ilikuwa ikishika ncha za multimita polepole, kwa namna yake mwenyewe ya kufanya kazi, lakini sauti iliyosikika haikuwa yake.

"Mimi nilipokutana na shida hii," sauti ya Mbae ilisema, "nilijiuliza, labda pua haina shida. Labda maneno yanapindishwa njiani."

Rwamba aliirudisha nyuma akasikiliza tena. Ilikuwa sauti ile ile iliyokuwa ikiwatuliza wateja, tamu, isiyo na haraka. Uso wake yeye haukuonekana hata mara moja. Mahali alipoeleza habari ya hita na masizi palikuwa pamekatwa. Mikono iliruka kutoka waya hadi barabara. Na mwishoni, juu ya picha ya mikono ile, yaliandikwa maneno: "Msaidizi wangu akishika taa."

Video ilikuwa imetazamwa mara laki moja na elfu arobaini. Chini yake watu walimwombea Mbae maisha marefu.

"Mama, uko sawa?" Antony aliuliza.

"Niko sawa. Kaa hapo kwenye kivuli."

Aliingia ndani akampigia Mbae. Simu iliita kwa muda mrefu.

"Mama Wanjira," Mbae alijibu kwa furaha. "Habari za huko?"

"Nzuri. Uko wapi?"

"Shambani tu. Napalilia maharagwe. Mtandao huku ni mbaya, nitakupigia jioni."

Nyuma ya sauti yake Rwamba alisikia watu wengi, na mtu mmoja akiuliza kwa Kiswahili cha shule, "Mwalimu, hii inaingia kwenye pini ya ngapi?" Kisha simu ikakatika. Jioni haikuita.

Ilimchoma zaidi ile ya maharagwe. Kazi ya mtu unaweza kuichukua kwa tamaa, kwa shida, kwa kupitiwa. Alikuwa tayari hata kumtafutia Mbae sababu. Lakini uongo wa baba aliyezeeka ulikuwa umepangwa, ukaletwa mezani, ukala mukimo wake mbele ya mtoto wake. Siku kadhaa alikuwa akichemsha maji ya chai na kuyasahau hadi sufuria ikauke. Wanjira alipouliza kwa nini Mbae hapigi simu siku hizi, alimwambia mtandao wa Ruiri ni mbaya. Akajisikia akimsaidia kudanganya.

Antony ndiye aliyemwambia kwamba kampuni moja ya vipuri ilikuwa imemwajiri Mbae kufundisha mafundi, na kwamba Jumamosi kungekuwa na mafunzo Meru mjini. Rwamba alifunga gereji, akavaa gauni lake la kanisani, akaenda.

Ukumbi ulikuwa na watu kama hamsini, wengi wao mafundi wa Meru, Nkubu na Timau, kila mmoja na daftari. Rwamba alikaa kiti cha nyuma. Mbae alikuwa mbele, amevaa fulana yenye jina la kampuni, na ubaoni alikuwa amechora betri hapa, swichi pale, umeme ukienda hivi na kurudi hivi. Hata mishale ilikuwa ya Rwamba. Alikuwa na tabia ya kuichora ikiwa na mkia uliopinda.

Mbae alimwona akiwa katikati ya sentensi. Aliikatiza, uso ukafunguka kwa tabasamu.

"Ndugu zangu, leo tuna mgeni," akasema. "Huyu mama pale nyuma ni Rwamba wa Embu. Mwanafunzi wangu wa kwanza kabisa. Mpigieni makofi."

Wakapiga makofi. Baadhi waligeuka kumtazama kwa wema, na mwanamke mmoja kijana mwenye ovaroli, wa pekee kati ya wanaume wale, alimpungia mkono. Rwamba alikuwa amejiandalia maneno njiani kote, kutoka Embu hadi Nkubu, maneno makali yaliyopangwa vizuri, na sasa hakupata hata moja. Kwani angeanzia wapi? Kusema mikono ni yangu? Angeonekana mwanamke mwenye wivu aliyemfuata mwalimu wake hadi kazini.

Mbae aliendelea. Alifika mahali pa kujaribu pikipiki bila sensa. "Hapa unachomoa tu waya," akasema, "unapanda barabarani."

Hamsini wakaandika. Rwamba aliona kalamu zikienda, akaiona ile sensa ya Antony iliyoganda masizi, mara hamsini. Akasimama.

"Mwalimu," akasema, na neno lile lilikuwa chungu kinywani, "kabla ya kupanda barabarani, sensa iko wapi?"

"Iko kwa ekzosi. Wapi tena?"

"Ikibaki kwenye ekzosi bila umeme inakufa. Ina hita ndani. Ifungueni kwanza, muiweke kando, na tundu mlizibe kwa bolti. Juzi tu nimepokea moja iliyouawa hivyo."

Watu walimtazama Mbae. Kwa sekunde mbili, labda tatu, Rwamba aliona woga wa kweli machoni pake, akadhani sasa atasema kweli. Lakini Mbae aliinua mkono na kucheka kidogo.

"Mnaona? Huyu nilimfundisha vizuri. Hiyo ndiyo hatua niliyokuwa naikaribia. Andikeni."

Wakaandika.

Alimngojea nje, karibu na bomba la maji. Mbae alikuja akiwa peke yake, na mbali na watu uso wake ulikuwa umechoka.

"Nilitaka kukuambia," akasema.

"Lini?"

"Mama Wanjira, sikiliza. Kampuni hii ilikuwa inatafuta mtu. Wangekuja kwako wangeuliza cheti. Mimi angalau nina kile cha injini. Nikajiambia, acha niingie kwanza kwa jina langu, halafu nikuvute."

"Umeingia tangu Januari."

Mbae aliangalia viatu vyake.

"Na baba yako?" Rwamba aliuliza.

"Yuko salama."

"Anapalilia mwenyewe?"

Kutoka ukumbini mtu aliita mwalimu, na Mbae akageuza kichwa haraka, kama mtu anayeitwa kwa jina alilozaliwa nalo. Ni hapo Rwamba alipoelewa kwamba hakuna kilichobaki cha kumrudisha. Mbae alishaanza kuuamini uongo wake.

"Ulikaa kwenye benchi hospitalini siku ile ya Wanjira," alimwambia. "Ningekupa video hiyo. Ningekupa na maelezo yote, ukaenda nayo popote, kama ungeniomba."

"Najua."

"Ndiyo maana inaniuma. Ulijua." Alishika mkoba wake. "Nitoe kwenye video yako. Sitaki mikono yangu izungumze kwa sauti ya mtu mwingine."

Mbae aliahidi. Na ahadi hiyo aliitimiza upesi kuliko Rwamba alivyotarajia. Kabla ya mwezi kwisha video ya zamani ilitoweka na mpya ikatoka, imepigwa kwenye gereji yenye sakafu ya saruji, mikono ni ya Mbae mwenyewe, misafi, na hatua ya kuifungua sensa imeelezwa kwa kirefu, hita, masizi, bolti na yote. Chini yake watu waliandika kwamba mwalimu anazidi kuwa bora. Jina la Rwamba halikuwemo popote, na sasa hata kucha yake iliyopasuka haikuwepo. Alikuwa amepewa hasa alichoomba.

Antony alitafuta sensa nyingine, Rwamba akaifunga, na kwenye pikipiki hiyo shida ya mwanzo ilikuwa panya waliotafuna waya chini ya kiti. Wateja hawakupungua. Tena waliongezeka, wengine wakisema wamesikia alisomea kwa Mbae. Mara ya kwanza alikanusha. Mara ya pili alikanusha kwa kelele, na mteja akaenda kwa fundi mwingine. Baada ya hapo akawa ananyamaza. Alibandika karatasi mlangoni kwamba hairuhusiwi kupiga picha, na alipofungua tangi alikaa akimpa mtu mgongo.

Daktari Kaberia alikuja Juni kwa kazi ndogo ya taa. Alikuwa na hasira kuliko Rwamba mwenyewe. Alisema ameandika chini ya ile video mpya kwamba pikipiki ile ilikuwa yake na aliyeiponya ni mwanamke wa Embu, na watu wawili walimjibu kwa kicheko.

"Usiandike tena, daktari," Rwamba alisema. "Utachoka bure."

"Lakini mimi nilikuwepo. Nilikuwa mbele yako kwenye kiti."

"Najua ulikuwepo."

Alimaliza taa, akajaribu swichi mara mbili, akafuta vioo vya mbele kwa kitambaa. Kaberia, ambaye siku zote alipenda kuchorewa vumbini, aliinama akauliza safari hii ilikuwa nini.

Rwamba alikunja kitambaa, akakiweka mfukoni.

"Ni waya tu, daktari," akasema, akamfungulia geti.